Nyota mbili, mkono mmoja: kwa nini kipandikizi kimoja kilitulia na kingine kikatoboa ngozi

Mji, tarehe, umri kamili na majina vimeondolewa. Vipimo, mfuatano wa siku na sababu za maamuzi vimeachwa, maana ndivyo vinavyofundisha.

Usuli

Mteja ni mtu mzima wa miaka ya 20, mzaliwa wa Afrika Mashariki, anayeishi katika mji mkubwa wa Ulaya Magharibi na kufanya kazi ya jikoni katika mgahawa. Havuti sigara, hana kisukari, hatumii dawa ya kuyeyusha damu. Ana jambo moja la kiafya lililobadilisha mpango wote: kovu la chanjo ya BCG begani limevimba na kuota keloidi (kovu linalokua kupita jeraha lenyewe) yenye upana wa karibu sentimita 2, ngumu, inayowasha nyakati za joto.

Fundi ni mtoboaji mwenye uzoefu wa miaka mingi wa hereni za mwilini na vipandikizi vya urembo, yaani vipande vya umbo fulani vinavyowekwa chini ya ngozi ili umbo lionekane limeinuka. Kazi hii ilipata sura yake ya sasa miaka ya 1990 Marekani, hasa Arizona kupitia Steve Haworth, na tangu hapo nyota, mioyo, mistari ya vifundo na pembe za paji la uso zimesambaa katika studio za nchi nyingi. Sheria zimebaki nyuma. Leseni ya studio hii ilikuwa ya tatuu na utoboaji, na bima yake haikutaja vipandikizi popote.

Alichoomba na alichokubaliwa

Mteja alikuja na maombi matatu: nyota katikati ya kifua, nyota mgongoni mwa kiganja cha mkono wa kushoto, na sumaku ndogo katika ncha ya kidole cha pete. Mfukoni alikuwa na nyota moja aliyonunua mtandaoni. Pakiti yake ilikuwa na maneno "silikoni ya kitabibu" na hakuna kingine: hakuna namba ya toleo, jina la mtengenezaji wa malighafi wala karatasi ya vipimo.

Kifua kilikataliwa papo hapo. Mtu ambaye chanjo ya sindano tu imemwotesha keloidi begani hafai kukatwa katikati ya kifua, kwa kuwa kifua, mabega na ndewe za masikio ndiko keloidi hupenda kuota. Uamuzi huu ulikuwa sahihi kabisa. Badala ya kifua fundi alipendekeza upande wa ndani wa kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ambako keloidi ni nadra na kuna mafuta kidogo chini ya ngozi.

Sumaku ilikataliwa kwa sababu ya nyenzo. Sumaku hizi ni aloi ya neodimi, chuma na boroni, na aloi hiyo hushika kutu upesi ikikutana na majimaji ya mwili. Kinachoikinga ni utando tu, na utando ukipata ufa mdogo kuliko unywele, kutu huanza ndani kwa ndani. Tena sumaku za daraja la kawaida hupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo haziwezi kupita kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121 zikabaki zilivyo. Zaidi ya hayo, mwenye sumaku kidoleni akihitaji kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kubwa, kesho, atakuwa na tatizo kubwa.

Nyota ya mfukoni nayo ikakataliwa. Fundi alitumia nyota mbili kutoka toleo moja la mtengenezaji anayetoa hati: silikoni laini iliyoganda (si ile ya maji inayodungwa kwa sindano, ambayo ikishaingia haitoki tena), iliyoidhinishwa kukaa mwilini zaidi ya siku 30. Kila moja ilikuwa na upana wa milimita 25 na kimo cha milimita 5, na ncha zake tano ziliviringwa kidogo mno, nusu kipenyo chini ya milimita 1.

Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri. Lakini mgongo wa kiganja ulikubaliwa bila kupimwa. Mteja alitaka mahali panapoonekana, fundi alikuwa ameshaweka nyota mikononi mwa watu wengine, na baada ya kukataa maombi mawili hakuna aliyekuwa na moyo wa kukataa la tatu.

Siku ya kazi

Nyota zote mbili ziliwekwa asubuhi moja, na fundi yule yule, kwa vifaa vya mzunguko mmoja wa otoklevu. Mzunguko ulikuwa wa nyuzi 134 kwa shinikizo la mvuke, viashiria ndani ya pakiti vilibadilika rangi, na kipimo cha juma hilo cha mbegu za bakteria hakikuotesha kitu. Glovu hazikuwa na unga. Hilo si jambo dogo, kwa sababu silikoni huvuta vumbi na nyuzi za pamba kama sumaku, na chochote kinachoganda juu yake huingia nayo.

Dawa ya ganzi ya sindano haikutumika. Katika nchi ile ni dawa ya daktari, na mtoboaji hana ruhusa ya kuidunga. Kwa hiyo mteja alikuwa na maumivu, na fundi alikuwa na haraka. Haraka hiyo inaonekana katika vipimo vilivyoandikwa baadaye. Kwenye kigasha, mkato ulikuwa milimita 22 kutoka ukingo wa nyota ilipolala. Kwenye kiganja, ambako nafasi ni finyu na mishipa ya damu inapita kila upande, mkato ulikuwa milimita 7 tu. Nafasi iliyofunguliwa chini ya ngozi ya kiganja nayo ilikuwa ndogo, nyota ikakaa imebanwa. Kila mkato ulishonwa nyuzi tatu.

Mteja alipewa maelezo ya kwenda nayo: asilowanishe mikono, asirudi jikoni kwa siku 14, na arudi mara moja akiona "wekundu unaoenea".

Siku kumi na sita

Siku ya 4 mteja alirudi kazini kwa kuhofia kupoteza zamu. Alivaa glovu za naitraili saa nane mfululizo. Ndani ya glovu ngozi ilitota jasho, kingo za jeraha zikalainika.

Siku ya 9 mkato wa kiganja ulifunguka katikati kwa milimita 3, ukatoa majimaji ya njano yasiyo na harufu. Wa kigasha ulikuwa umefunga na kukauka. Mteja alifika studio. Fundi aliusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaubana kwa vibandiko, akaagiza usafishwe mara mbili kwa siku. Sababu zake aliziandika: nyota haionekani, hakuna usaha, hakuna homa, na kuitoa sasa kutaacha kovu kubwa kuliko kusubiri.

Siku ya 12 mteja alituma picha. Juu ya ncha ya nyota iliyo karibu na fundo la kidole cha shahada, ngozi ilikuwa imekaza, inang'aa kama imepakwa mafuta, na imekuwa nyeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani. Fundi aliisoma kama damu iliyovilia. Mteja naye hakushtuka, kwa kuwa karatasi ilimwambia atafute wekundu, na wekundu haukuwepo.

Usiku wa siku ya 15 maumivu yalianza kupiga kwa mapigo. Asubuhi ya siku ya 16 ncha ya nyota ilikuwa imetokeza, nyeupe, katika tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na usaha ulitoka ukibonyezwa. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.4. Fundi hakujaribu kuitoa mwenyewe. Alimpeleka mteja hospitali ndani ya saa moja, akabeba hati ya silikoni, namba ya toleo, kumbukumbu za otoklevu na mchoro wa mahali nyota zote mbili zilipo.

Hospitalini

Daktari wa mapokezi alipendelea kumpa antibaiotiki na kumwona tena baada ya saa 48. Daktari wa upasuaji wa mkono, aliyeitwa jioni ile, alikataa: kitu kilichotoboa ngozi kikiwa na usaha hutolewa siku hiyo hiyo. Altrasaundi ilionyesha majimaji kuzunguka nyota, juu ya kano zinazonyoosha vidole lakini bado nje ya ala zake. Eksirei haikusaidia kuiona nyota, kwa sababu silikoni ya aina hii huonekana kwa shida. Kama hati na mchoro visingekuwepo, muda ungepotea katika kuuliza ni chuma, glasi au plastiki, na kama kuna kingine mahali pengine.

Nyota ilitolewa kwa ganzi, nafasi ikaoshwa, jeraha likaachwa wazi kiasi ili majimaji yatoke. Maabara iliotesha bakteria aina ya Staphylococcus aureus inayosikia dawa za kawaida. Mteja alilazwa usiku mmoja kwa antibaiotiki ya flukloksasilini ya mshipani, kisha akaendelea na vidonge kwa siku 7.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya nyota ya pili. Bakteria wakiingia katika damu wanaweza kwenda kukaa kwenye kitu kigeni popote kilipo, hata kama mahali hapo hapajawahi kuumwa. Timu iliamua kuiacha kwa masharti: jeraha lake lilikuwa limefunga, altrasaundi haikuonyesha majimaji, na nafasi hizo mbili hazikuungana. Damu iliyooteshwa ikitoa bakteria, nayo ingetolewa. Baada ya siku 5 hakuna kilichoota.

Jeraha la kiganja lilifunga kwa majuma matano. Lilibaki kovu la milimita 14, bila keloidi, na eneo dogo lililokufa ganzi kati ya kidole gumba na cha shahada, ambako tawi la juujuu la neva ya radiali hupita chini ya ngozi. Vidole vinakunjwa na kunyooshwa sawasawa. Baada ya miezi sita nyota ya kigasha ilikuwa imetulia, imesogea milimita chache kuelekea kifundo, haina maumivu.

Uchambuzi: nyenzo haikuwa mkosaji

Kisa hiki kina thamani kwa sababu kina kilinganishi ndani yake. Toleo moja la silikoni, mzunguko mmoja wa otoklevu, fundi mmoja, mwili mmoja, asubuhi moja. Kilichotofautiana ni mahali, mkato na matunzo. Watu wanaotaka vipandikizi huuliza maswali kumi kuhusu nyenzo na hawaulizi hata moja kuhusu mahali.

Hii haimaanishi kwamba nyenzo ni jambo la kupuuza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10993 hugawa vifaa kwa muda wa kugusana na mwili: hadi saa 24, hadi siku 30, na zaidi ya siku 30. Silikoni inaweza kuwa ya kitabibu kweli, kwa mfano ya mirija ya hospitali, na bado ikawa haikupimwa kukaa mwilini miaka. Ndiyo maana maneno "ya kitabibu" kwenye pakiti hayatoshi. Ulizia hati inayotaja muda na namba ya toleo. Anayeuza akishindwa kuvitoa, usinunue.

Titani ya kiwango cha ASTM F136 ni bora kwa hereni na kwa vitako vya vipande vinavyotokeza nje ya ngozi, ila kama umbo la kuzikwa chini ya ngozi ina kasoro moja: hailegei. Ngozi ikibanwa kati ya titani na ukuta, ngozi ndiyo inayoshindwa. Tefloni hustahimili otoklevu na mwili huivumilia, lakini ikichongwa kwa mkono huacha kingo kali zisizoonekana kwa macho. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikwama popote, kipande hicho hakifai. Chuma cha 316L kina nikeli kati ya asilimia 10 na 14, na kwa mwenye mzio wa nikeli hilo ni tatizo la maisha yote. Akriliki haiwezi kupita kwenye mvuke bila kupinda. Resini za mashine za kuchapa maumbo huacha mabaki ya kemikali ambayo hayajaungana, nayo hutoka polepole mwilini. Mfupa, mbao na pembe vina vitundu, na kilicho na vitundu hakisafishiki.

Silikoni laini basi ni chaguo la busara. Ila hata kitu safi kabisa hubadilisha hesabu ya maambukizi. Watafiti Elek na Conen walionyesha mwaka 1957, kwa watu waliojitolea, kwamba ngozi peke yake huhitaji mamilioni ya bakteria wa stafilokoka kutunga usaha, lakini penye uzi mmoja wa hariri mamia tu hutosha. Uzi mmoja tu! Nyota ya milimita 25 ina eneo kubwa zaidi mara nyingi. Bakteria wakishaishika hujijengea utando, na antibaiotiki haziupenyi vya kutosha. Kwa sababu hiyo daktari wa mkono alikuwa sahihi na daktari wa mapokezi alikosea.

Mahali: jaribio la ngumi

Kunja ngumi ya mkono wa kushoto, kisha jaribu kuifinya ngozi ya mgongo wa kiganja kwa vidole viwili. Karibu haifinyiki. Legeza mkono, ufinye tena: inanyanyuka. Sasa fanya hivyo upande wa ndani wa kigasha. Mkono ukunjwe au ulegee, ngozi inanyanyuka.

Tofauti hiyo ingepimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kazi. Hospitali ilipompima mteja kwenye mkono wa pili, ngozi iliyofinywa ya kiganja ilikuwa na unene wa milimita 3 mkono ukiwa umelegea, na ya kigasha milimita 9. Nyota yenye kimo cha milimita 5 chini ya ngozi nyembamba kiasi hicho inainyoosha daima, na kila anaposhika kisu, sufuria au mpini wa mlango inazidi kuinyoosha. Kinachofuata ni damu kushindwa kufika mahali palipobanwa zaidi. Palipobanwa zaidi ni kwenye ncha, kwa sababu nguvu ile ile juu ya eneo dogo ni shinikizo kubwa. Tundu halikutokea juu ya tumbo la nyota wala kwenye mkato. Lilitokea juu ya ncha iliyo karibu na fundo, panapokunjwa kuliko pote.

Umbo la duara la kimo cha milimita 2 huenda lingeishi hapo. Nyota hii haikuwa na nafasi.

Mkato wa milimita 7 uliongeza mlango wa bakteria. Mkato ukiwa mbali na kipandikizi, ukifunguka hufungukia kwenye nyama. Ukiwa karibu, hufungukia kwenye kitu kigeni, na uvimbe wa kawaida wa siku za mwanzo huusukuma ufunguke. Kama mahali hapana nafasi ya kuweka mkato angalau milimita 15 mbali, basi mahali hapo pamejikataa penyewe.

Karatasi ya matunzo na ngozi nyeusi

Kosa hili linatuuma zaidi, maana kulirekebisha hakugharimu kitu. Karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe humwambia mtu atafute wekundu. Kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea, maambukizi na kubanwa kwa damu huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, pamoja na kung'aa na kukaza. Muuguzi alipomuuliza mteja kwa nini hakurudi siku ya 12, alijibu kwamba alitazama kila siku na hakuona wekundu wowote. Alifuata maelekezo barabara.

Karatasi inayofaa hutumia mkono kuliko jicho. Gusa kwa mgongo wa vidole vya mkono mwingine: pana joto kuliko jirani? Bonyeza kidogo: panauma au ni pagumu kuliko jana? Ngozi inang'aa, mistari yake imefutika? Maumivu yanapungua au yanaongezeka baada ya siku ya 3? Lolote kati ya hayo latosha kumrudisha mtu.

Siku ya 9

Hapa ndipo mkono ungeokolewa. Jeraha lililofunguka juu ya kitu kigeni, kwenye mkono unaolowa kila siku, halina sababu ya kufunga. Hofu ya kovu ilieleweka lakini ilipimwa vibaya: siku ya 9 kovu lingekuwa mkato ule ule, na kiganja kisingekuwa na usaha wala neva iliyoguswa mara mbili. Fundi alisubiri dalili za maambukizi, wakati kufunguka kwenyewe kulikuwa kumeshatoa jibu. Ilipaswa kuwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kazi, na mteja aijue: kidonda kikifunguka juu ya kipandikizi, kipandikizi hutoka siku hiyo.

Swali la kazi ya jikoni nalo lilipaswa kuulizwa mwanzoni. Mtu asiyeweza kupata siku 14 bila maji hafai kuwekewa kitu kiganjani, hata mahali pawe pazuri namna gani.

Sheria

Mahakama ya Rufaa ya England iliamua mwaka 2018 kwamba ridhaa ya mteja si kinga kwa mtu asiye daktari aliyekata sikio, kutoa chuchu na kupasua ulimi. Vipandikizi havikuwa katika shauri lile, na si lazima kisa hiki kiwe kilitokea England. Lakini hoja ya mahakama, kwamba kazi zile ni upasuaji na haziwezi kuwekwa kundi moja na tatuu na utoboaji, inagusa meza ya kila anayefungua nafasi chini ya ngozi. Fomu ya ridhaa ya studio hii ilikuwa na kurasa mbili nzuri, na bima haikulipa hata senti.

Ombi la kurudia

Miezi saba baadaye mteja alirudi akitaka nyota ndogo mahali pale pale kiganjani. Fundi alikataa. Ngozi yenye kovu hainyooki kama ya mwanzo, damu yake ni haba, na neva iliyokwisha kuumia iko chini ya mahali ambapo nyota mpya ingelala. Alimwonyesha kalipa: kovu lilifinyika milimita 2. Wakakubaliana kuchora nyota hiyo kwa tatuu juu ya ngozi nzima ya pembeni, si juu ya kovu, na mteja akapewa kadi ya kubeba kwenye pochi yenye aina ya silikoni, namba ya toleo na mahali nyota ya kigasha ilipo.